Shajara ya mradi: kuutoa mkondo kwenye seli ya risasi ya kuviringishwa

Tulipo

Mradi unaendelea hapa karakana kwetu, Dar es Salaam. Tunatengeneza seli moja ya risasi ya volti 2, ya kuviringishwa, na tukiridhika nayo tutaunganisha sita ili tupate betri ya volti 12. Nyavu za risasi, pesti (uji wa oksidi ya risasi unaopakwa kwenye nyavu) na mikeka vimeshapata njia yake, kwa hiyo kurasa hizi zinahusu viunganishi peke yake: mkondo unatoka vipi kwenye utepe hadi kichwa cha betri, na kiasi gani kinapotea njiani.

Kwa anayeingia sasa, maelezo mafupi. Betri ya kawaida ya gari ina pleti bapa zilizosimama ubavu kwa ubavu. Seli ya kuviringishwa ina tepe mbili ndefu, moja chanya na moja hasi, na kati yake mkeka wa nyuzi za kioo ulionyonya asidi yote. Vyote vinasokotwa pamoja kama chapati kabla ya kusukumwa, roli inashindiliwa ndani ya kopo, basi. Risasi ni laini, lakini ikibanwa namna hiyo haina pa kwenda, ndiyo maana betri za aina hii zinavumilia mtikisiko.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko gari. Gaston Planté, Mfaransa, aliviringisha karatasi mbili za risasi mwaka 1859, na mwaka uliofuata akawaonyesha wanasayansi wa Paris betri ya seli tisa. Baadaye pleti bapa zikashika soko lote. Seli ya kuviringishwa ilirudi kwa nguvu miaka ya 1970, pale kampuni ya Gates ya Denver, Colorado, ilipotoa seli ndogo zilizofungwa kabisa ambazo sasa zinauzwa kwa jina la Cyclon. Optima nao wakaja na betri ya volti 12 yenye mitungi sita ndani ya sanduku moja, ile ambayo ukiitazama kwa nje unaona migongo ya mviringo.

Ninavyoona mimi, ugumu wa seli hii haupo kwenye kuviringisha. Upo juu, pale tepe zinapoisha na chuma cha kukusanyia mkondo kinapoanza.

Jumamosi: kupasua betri mbovu

Tumepata betri ya kuviringishwa iliyokufa, imekuja na gari la mtumba, lebo ilishabanduka. Tumekata kifuniko kwa msumeno wa mkono, taratibu, na magadi kwenye ndoo tayari kuzima asidi. Hakuna cha kumwaga: asidi yote imo kwenye mikeka.

Juu ya kila roli kuna pau mbili za risasi zenye umbo la nusu mwezi, moja kila upande. Chini ya kila upau zinachungulia ndimi. Naita ndimi vile vipande vinavyochomoza ukingoni mwa utepe na kuzama ndani ya upau. Ndimi za chanya zote zimejipanga upande mmoja, za hasi upande wa pili, kila duara la roli likitoa ulimi wake. Mpangilio huo wa safu unaonekana rahisi hadi ujaribu kuupata mwenyewe.

Jambo lililotushika zaidi ni ulimi wa nje kabisa upande wa chanya. Shingo yake, pale unapoota kutoka kwenye utepe, ilikuwa imeliwa na kubaki nyembamba, rangi ya kahawia iliyokoza, na ilikatika kwa kuguswa na bisibisi. Wa ndani kabisa ulikuwa bado mzima, unakunjika. Kwa nini wa nje ufe kwanza? Jibu limekuja kwenye hesabu, siku chache baadaye.

Hesabu ya ndimi

Vipimo vya utepe wetu: urefu milimita 900, kimo milimita 100. Wavu umetobolewa kutoka karatasi ya risasi ya milimita 0.8, na ukiondoa matundu, chuma kinachobeba mkondo kwa urefu ni sawa na karatasi kamili ya milimita 0.25. Risasi si kipitishi kizuri. Ukinzani wake ni zaidi ya mara kumi ya shaba. Ukipiga hesabu, utepe kutoka ncha hadi ncha una takribani miliomu 7.6 (miliomu ni sehemu moja ya elfu ya omu, kipimo cha ukinzani, na maikroomu ni sehemu moja ya elfu ya miliomu).

Sasa chukulia mkondo unazaliwa sawasawa kila mahali kwenye utepe na wote unatokea sehemu moja. Ulimi mmoja ukiwa nchani, ukinzani unaohesabika ni theluthi ya ule wa utepe mzima, yaani miliomu 2.5. Ukiuhamishia katikati, ni sehemu moja ya kumi na mbili. Ukiweka ndimi nyingi kwa nafasi sawa, unagawa kwa 12 na tena kwa idadi ya ndimi zidisha yenyewe. Ndimi mbili: maikroomu 158. Nne: 39. Sita: kama 17 na nusu.

Tazama maana yake kwa ampea 200, mkondo wa kupiga stata ya gari dogo. Ulimi mmoja nchani kwa kila utepe unatoa miliomu 5 kwa tepe zote mbili, na hiyo ni volti 1 nzima iliyopotea kwenye seli yenye volti 2. Wati 200 za joto ndani ya kopo. Kwa ndimi sita kila upande hasara hiyo inashuka hadi milivolti 7.

Mwenzangu akasema basi tuweke ndimi ishirini. Hapana. Mkondo hauendi kwa urefu tu, unapanda pia: chembe ya pesti iliyo chini ya utepe lazima ipeleke mkondo wake juu, milimita 100, kupitia wavu uleule. Hesabu ya kupanda inatoa kama maikroomu 31, na ndimi haziigusi. Ukishafika sita au saba, umebaki unapigania maikroomu chache huku ukiongeza viungio, na kila kiungio ni mahali pa kufa.

Urefu wa ulimi wenyewe

Hapa ndipo nilipokaa zaidi. Mchoro wa kwanza ulikuwa na ndimi za upana wa milimita 10 na urefu wa milimita 8, unene uleule wa karatasi. Ulimi mmoja wa namna hiyo una maikroomu 210. Sita zikiwa sambamba, 35. Yaani shingo zile fupi zinakula mara mbili ya utepe wote wa milimita 900! Ukifupisha hadi milimita 5, hasara inashuka papo hapo.

Kwa nini tusiondoe shingo kabisa, upau ukalie moja kwa moja ukingoni? Kwa sababu wavu wa chanya hukua. Risasi yake hugeuka oksidi polepole, oksidi inachukua nafasi kubwa kuliko chuma, na miezi ikipita utepe unarefuka na kupanda. Usipoacha nafasi, utepe wa chanya unaweza kugusa upau wa hasi, na seli imekwisha. Umeme unataka shingo fupi, kemia inataka nafasi. Tumekubaliana milimita 5. Mtikisiko nao una hoja yake, maana shingo fupi haina unyumbufu, lakini nadhani hoja hiyo inajibiwa na roli kubanwa kisawasawa ndani ya kopo. Kisichocheza hakikatiki.

Safu isiyokaa kwenye mstari

Roli inaanzia kwenye mhimili wenye nusu kipenyo cha milimita 5. Chanya milimita 1.1, hasi 0.9, mikeka miwili ya 0.8 ikiwa imebanwa: kila duara linaongeza milimita 3.6. Kwa urefu wa 900 roli inatoka na kipenyo cha milimita 65, maduara saba na zaidi ya nusu.

Ili ndimi zipange mstari, inabidi ulimi uwe mmoja kwa kila duara, na maduara hayalingani. La kwanza lina milimita 43, la pili 65, kisha 88, 111, 133, 156, 178. Nafasi kati ya ndimi inaongezeka kama milimita 22.6 kila mara. Ukizikata kwa nafasi sawa zitatawanyika juu ya roli yote na hakuna upau utakaozikusanya.

Na hapo ndipo lilipo jibu la ile betri mbovu. Ulimi wa ndani kabisa unahudumia milimita 43 za utepe, wa nje 178. Kwa ampea 200, wa ndani unapitisha ampea 9 na kitu, wa nje unakaribia 40. Wote wakiwa na upana mmoja, wa nje anafanya kazi ya wanne. Kwa hiyo tumezipa upana unaopanda: 6, 8, 10, 12, 14, 16, 18. Jumla milimita 84, na kwa shingo ya milimita 5 zote saba zinatoa maikroomu 16. Upana wa 18 usingewezekana ndani hata tungeutaka. Duara la kwanza ni dogo mno, ulimi ungejikunja na kuwa bomba.

Lakini kuna mtego. Hesabu nzima inategemea ile milimita 3.6. Mkeka wa nyuzi za kioo unabonyea kulingana na ulivyovuta, na ukivuta kidogo zaidi unene wa duara unakuwa 3.5. Kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini linajilimbikiza: kufikia duara la saba ulimi umekosea mahali pake kwa milimita 15, karibu nyuzi 30 za mzunguko. Unatoka kabisa nje ya upau.

Viwandani mvuto wa kuviringisha unashikwa na mashine. Sisi tumefunga jiwe la mizani la kilo mbili mwishoni mwa utepe, linaning'inia ukingoni mwa meza wakati mhimili unazungushwa. Na hatukati ndimi mapema. Ukingo wa juu tunauacha mzima, tunaviringisha mara ya kwanza na mikeka mikavu na kadibodi mahali pa pesti, tunapiga mstari kwa kalamu ya wino mzito juu ya roli, upande mmoja wa chanya na upande wa pili wa hasi, kisha tunaifungua na kukata pale kalamu ilipogusa. Roli ya pili, yenye pesti, ikifuata jiwe lilelile, ndimi zinaangukia kwenye safu. Hazinyooki kama rula, lakini zinaingia kwenye upau, na hilo ndilo tunalolitaka.

Kwa nini si ukingo mzima

Swali limeulizwa na kijana aliyepita karakana, na ni swali zuri: mbona msitoe utepe wa chanya juu na wa hasi chini, mkatumbukiza ukingo wote kwenye risasi, mkaachana na ndimi? Ndivyo walivyofanya kampuni ya Bolder, ya Golden, Colorado, miaka ya 1990. Tepe zao zilikuwa nyembamba sana, chanya ikichomoza upande mmoja na hasi upande wa pili, na kila ncha ya roli ikamiminiwa kiungio chake.

Faida yake ni kubwa. Ukinzani wa kwenda kwa urefu unatoweka. Halafu, kwa kuwa mkondo unaingia chini na kutokea juu, kila sehemu ya kimo inafanya kazi sawa na nyingine. Kwetu sisi, tuliotoa chanya na hasi zote juu, sehemu ya juu ya roli itachoka kabla ya chini.

Nimeikataa kwa sababu za karakana. Ukingo wa karatasi nyembamba ukiingia kwenye risasi ya moto unaweza kuyeyuka wote kabla hujahesabu tatu. Kiungio cha chini kinakaa mahali ambapo asidi hujikusanya, nacho kinahitaji njia ya kupandisha mkondo tena juu. Na kopo litahitaji kuzibwa pande mbili. Kwa seli zinazolala moja mbele ya nyingine, ncha kwa ncha, ni njia nzuri sana. Kwa sita zilizosimama ndani ya sanduku, sioni.

Risasi ya mzee

Mzee anayetukerezea vyuma, mtaani Gerezani, alituletea risasi ya pau: vichwa vya betri kuukuu na vile vipande vya kubalansi matairi, kilo kadhaa, bure.

"Shikamoo mzee. Hii ina antimoni, itatuharibia."

"Marahaba. Mwanangu, risasi ni risasi."

Nilichukua msumari, nikakwaruza kichwa cha betri, kisha nikakwaruza karatasi yetu safi. Kwenye karatasi msumari ulizama na kuinua uzi mwembamba wa risasi. Kwenye kichwa uliteleza na kuacha mchirizi tu. Mzee alichukua msumari akarudia mwenyewe, mara mbili, akakubali kwa kichwa. Ugumu ule ndio antimoni, metali inayochanganywa na risasi, nayo huwekwa makusudi kwa sababu inafanya risasi imiminike vizuri na kushika umbo. Katika betri ya kuongezwa maji haina shida kubwa. Katika seli iliyofungwa ina shida mbili. Ikifika kwenye utepe wa hasi inaharakisha kutoa haidrojeni, na maji yanayopotea hayarudi. Pili, upau wa hasi wa seli ya namna hii haujazama kwenye asidi kama ulivyo katika betri ya maji. Umefunikwa na unyevu mwembamba tu, na hapo upau wenye antimoni ukikutana na ulimi usio nayo, kutu inaingia kwenye kiungio na kukikata kimyakimya. Nje betri inaonekana nzima, siku moja stata inalia "tk" na kunyamaza.

Kwa hiyo pau zetu ni risasi safi yenye stani (metali ya bati, tin) asilimia 2. Stani inasaidia risasi kushikana na ndimi, na kwenye chanya inapunguza ile ngozi ya oksidi isiyopitisha umeme. Risasi ya mzee imerudi kwake, atatengenezea vizito vya nyavu za wavuvi.

Kalibu na kumimina

Kalibu imekerezwa kwa aluminiamu, mashimo mawili ya nusu mwezi yenye kina cha milimita 8, ukuta wa milimita 9 kati yao. Roli inageuzwa kichwa chini, ndimi zinatazama kalibu. Unapasha kalibu moto kwanza, unamimina risasi, unashusha roli mpaka ndimi zizame, unahesabu, unapoza kwa kitambaa chenye maji chini ya kalibu, unainua.

Yote yamo kwenye lile neno unahesabu. Risasi safi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Ukishusha ndimi kwenye risasi ya nyuzi 400 na kitu, ngozi ya nje ya ulimi inapaswa kuyeyuka na kuungana na upau, kisha joto likatike kabla ulimi wote haujaondoka. Kalibu ikiwa baridi, risasi inaganda kuzunguka ulimi bila kushikana nao. Ikiwa moto mno, unainua roli na ndimi zimebaki nusu.

Kabla ya kushusha tunasugua ndimi kwa brashi ya waya hadi zing'ae, tunapaka flaksi (dawa ya kulehemu) ya utomvu, ileile ya mafundi simu, na kuzichovya kwenye stani. Flaksi ya asidi ya mafundi bati tumeipiga marufuku, kwa kuwa ina kloridi, nayo huila risasi ya chanya.

Kiungio kizuri unakijua kwa jicho. Risasi imepanda kidogo kwenye ulimi na kuacha mkunjo laini, mpana chini, mwembamba juu. Kibaya kinafanya kinyume chake: risasi imejikunyata kwenye kingo za ulimi na kuacha mfereji mwembamba, mweusi. Asidi ikishaingia kwenye mfereji ule haitoki tena.

Kuhusu moshi: tunayeyushia nje, upepo mgongoni, chungu hakizidi nyuzi 450, barakoa za chembechembe, nguo za kazi hazirudi nyumbani, na hakuna kula wala kuvuta sigara mpaka mikono ioshwe. Ziko karakana zinazocheka haya. Waende Mombasa wakawaulize wakazi wa Owino Uhuru waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na fidia haitoi risasi kwenye damu ya mtoto.

Kupima viungio

Mita ya kawaida ukiweka kwenye omu haitakuambia chochote hapa, kwa sababu waya zake peke yake zina ukinzani mara elfu ya unachotafuta. Tunatumia waya nne: mbili nene zinapitisha ampea 20 kutoka upau hadi kwenye utepe chini ya ulimi mmoja, na mbili nyembamba, kwenye ncha za sindano, zinasoma milivolti juu ya kiungio chenyewe. Baada ya kila kipimo tunageuza mwelekeo wa mkondo na kuchukua wastani, kwa sababu sindano ya chuma ikigusa risasi yenye joto inazalisha volteji yake ndogo na kukudanganya.

Ulimi wa milimita 16 kwa hesabu unapaswa kusoma milivolti 1.6 hivi. Nyingi zimesoma karibu na hapo, za chanya na za hasi. Mmoja tu wa upande wa hasi, wa pili kutoka nje, umesoma karibu mara mbili. Kwa macho ulikuwa na mkunjo mzuri kabisa. Tumekata upau pale kwa msumeno, tukasugua kwa msasa wa maji hadi ule laini kuliko yote, na chini ya kioo cha kukuzia likaonekana: pengo jembamba upande wa ndani wa ulimi, refu kama nusu ya kina chake, lenye masizi ya flaksi. Flaksi haikupata pa kutokea. Sasa ndimi zinashushwa kwa mshazari kidogo, zinaingia kona moja kwanza, ili mvuke usukumwe nje.

Bajeti ya utepe mmoja kwa sasa, kwa maikroomu: kwa urefu 14, kupanda 31, ndimi 16, upau 12. Ni 73, na kwa tepe mbili 146. Kwa ampea 200 seli inapoteza milivolti 29 kwenye chuma. Kilichobaki ni cha asidi na pesti, wanasubiri zamu yao. Uwezo tunaotarajia ni ampea-saa 15 hadi 18, na kinachoweka kikomo ni asidi iliyomo kwenye mikeka, si risasi.

Kutoka seli hadi seli

Seli sita, safu mbili za tatu. Tunahesabu kwa umbo la U: moja, mbili, tatu kwenda, nne, tano, sita kurudi, ili vichwa viwili vya betri vitokee upande mmoja. Hasi ya kila seli inakutana na chanya ya inayofuata.

Viwandani kiungio hupitishwa kwenye tundu la ukuta kati ya seli. Pau mbili zinabanwa kwa taya za shaba, mkondo mkubwa unapita, risasi inayeyuka na kujaza tundu. Njia ni milimita 10 tu, kama maikroomu 27. Mashine hiyo hatuna. Njia ya juu ya ukuta, kwa upau wa milimita 12 kwa 8 na urefu wa 40, ni maikroomu 88, na viungio hivyo viko vitano. Tofauti kwa betri nzima ni miliomu 0.3. Si ndogo ukikumbuka kwamba betri nzuri ya kuviringishwa ya volti 12 ina kama miliomu 3 zote kwa pamoja.

Nimeamua tupite juu lakini tuongeze unene mara mbili, 12 kwa 16. Ukinzani unashuka hadi 44 kila kimoja, na tunabeba gramu 220 za ziada. Kwa betri ya risasi nani atalalamikia gramu 220?

Kona ndiyo iliyonisumbua. Seli ya tatu inapaswa kuielekezea seli ya pili chanya yake, na seli ya nne hasi yake, na hizo ziko kwenye pande zinazofanya pembe mraba. Nusu mwezi zetu zinatazamana, nyuzi 180. Ningeweza kuviringisha roli mbili za kipekee zenye safu kwenye pembe nyingine, lakini sitaki aina mbili za roli kwa betri moja. Badala yake seli ya tatu na ya nne zinazungushwa nyuzi 45 ndani ya makopo yao, kila upau unakosea nusu ya pembe, na kiungio kinapinda kidogo kila upande. Kinarefuka hadi kama milimita 55. Nimeuchora kwa ukubwa halisi kwenye kadibodi, tukaupanga juu ya makopo matupu, unakaa.

Vichwa vya nje bado. Nati ya shaba nyeupe tutaimiminia ndani ya nguzo ya risasi, na nguzo itapita kwenye kifuniko ikiwa na oringi mbili za mpira na gundi ya epoksi juu yake. Shaba haipaswi kuonja asidi hata kidogo. Ikiyeyuka ikafika kwenye hasi, seli inaanza kujimaliza yenyewe ikiwa imekaa tu. Kwa hiyo kati ya nati na upande wa ndani wa kifuniko nataka angalau milimita 12 za risasi tupu. Mchoro wa kalibu ya nguzo uko kwa mzee tangu jana, na amesema Alhamisi.